Mshale Kwenye Nyekundu

Mke wa mwalimu wa udereva aliondoka Jumatatu asubuhi, na mumewe akamsaidia kubeba mizigo.

Mizigo yenyewe haikuwa mingi: mabegi mawili ya nguo, mfuko wa vitambaa vya wateja, na cherehani. Cherehani ilikuwa ya chuma, ya zamani, nzito kama mtu aliyegoma. Mwalimu aliikumbatia akashuka nayo ngazi za ghorofa mbili bila kuigonga ukutani hata mara moja. Akaiweka kwenye kiti cha nyuma cha teksi, akaifunga mkanda. Kisha akalizunguka gari na kumwambia dereva kwamba gurudumu la nyuma, upande wa kulia, limepungua upepo.

Mke wake alikuwa amesimama na mkoba begani, akimtazama.

"Hata sasa?" akauliza.

"Hata sasa nini?"

Mke alisubiri kidogo, pengine aone kama kuna neno linalofuata. Halikufuata. Akapanda, akafunga mlango. Mwalimu akapunga mkono kama anavyowapungia wanafunzi wake wakimaliza somo, akarudi juu, akanywa chai ambayo ilikuwa bado na mvuke, akaosha vikombe viwili, na saa mbili kamili alikuwa kazini.

Walikuwa wameoana miaka kumi na saba. Hakukuwa na ugomvi wala mwanamke wa pembeni. Siku moja kabla, mchana, wakikunja nguo zilizokauka, mke alisema: "Nimechoka kuongea na ukuta. Na ukuta angalau una mwangwi." Mwalimu alilisikia hilo. Aliona kabisa kwamba ni maneno mazito. Akaendelea kutafuta soksi ya pili ya jozi aliyokuwa ameishika, akasema, "Sawa."

Jumanne alifundisha watu wanne, Jumatano watano. Alisahihisha namna walivyoshika usukani, aliwakumbusha kutazama vioo. Katikati ya masomo alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta jino bovu kwa ulimi. Meno yote yalikuwa mahali pake, wala hakuna lililouma. Jioni alilala saa moja na nusu, akaamka saa kumi na mbili, akiwa amechoka vilevile.

Alhamisi saa nne ilikuwa zamu ya Mkunga.

Mkunga alikuwa mama wa miaka sitini na mmoja, mstaafu wa kituo cha afya, aliyeamua kujifunza gari kwa sababu, alisema, amechoka kukaa pembeni ya watu wanaoendesha vibaya. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipita mikononi mwake siku ya kwanza ya maisha yao, na aliwakumbusha jambo hilo kupitia dirishani kila walipompigia honi. "Wewe! Mimi nimekuona huna hata nguo!" Honi zilikoma.

Siku hiyo walikuwa wanapanda mlima wa kuelekea tangi la maji, gia ya pili, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Gari lilikuwa dogo, la kijivu, lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa na pedali za akiba upande wa mwalimu.

"Mwalimu," alisema Mkunga, "huu mshale hapa ni wa nini?"

"Ni wa joto la injini."

"Unatakiwa ukae wapi?"

"Katikati."

"Mbona uko kwenye nyekundu?"

Mwalimu akautazama. Kweli, ulikuwa kwenye nyekundu.

"Ndiyo," akasema. "Tazama kioo chako cha kulia."

Mkunga hakutazama kioo chochote. Alikanyaga klachi, akakanyaga breki, akawasha taa ya pembeni, akaegesha kando ya barabara na kuvuta breki ya mkono, kila kitu kwa mpangilio wake, uegeshaji mzuri kuliko wote aliowahi kufanya. Akazima injini. Mvuke mwembamba ukaanza kutoka kwenye kingo za boneti.

"Nimefanya kazi miaka thelathini na nne," alisema. "Kitu kikishafika kwenye nyekundu hakisubiriwi. Shuka."

Mwalimu akashuka, akafungua boneti. Hewa ya moto na harufu ya mpira ulioungua vikampiga usoni. Akainama kutazama chupa ya maji, na kiganja cha kulia akakiegemeza juu ya injini. Chupa ilikuwa inachemka kama birika. Aliitazama ikichemka.

"Mkono!" Mkunga akapiga kelele. "Ondoa mkono hapo!"

Alimvuta kwa kiwiko, akakigeuza kiganja. Kilikuwa chekundu, na malengelenge mawili yalikwisha anza kuinuka chini ya vidole. Mkunga akachukua chupa ya maji ya kunywa kwenye mkoba wake, akamkalisha kwenye jiwe la ukingo wa barabara, akaanza kummiminia maji taratibu.

"Hukuhisi?"

"Nahisi."

"Unahisi nini?"

Mwalimu akafikiri. "Maji," akasema.

 Mkunga alimimina mpaka chupa ikaisha, akatoa leso safi, akakifunga kile kiganja bila kukibana.

"Umekula nini leo?"

"Sikumbuki."

"Nani amekufia?"

"Hakuna aliyekufa. Mke wangu ameondoka." Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema, na liliposemwa lilisikika kama taarifa ya mtu mwingine. "Jumatatu."

"Na leo Alhamisi. Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mungu wangu! Mtu mzima na ndevu zake." Akatoa yai la kuchemsha kwenye mkoba, akalimenya mwenyewe, akamwekea kwenye mkono mzima. "Kula. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, na mimi ndiye shahidi wa methali hiyo, nimeiona kwa macho yangu, kila siku, mpaka Jumapili. Kula!"

Alikula. Yai lilikuwa na chumvi. Magari yalipita yakipunguza mwendo kutazama mvuke.

"Pale nilipostaafu," Mkunga aliendelea, akitazama barabara na si uso wake, "chumba namba sita yuko daktari wa mambo haya. Si wa vichaa, kabla hujauliza."

"Sikuuliza."

"Ulitaka kuuliza."

"Hapana," alisema Mwalimu, na ilikuwa kweli. Hakutaka kuuliza chochote.

Basi ikabaki habari ya gari. Fundi aliyelijua gari lile alikuwa mmoja tu, na simu yake Mwalimu hakutaka kuipiga. Mkunga alipombana, akasema: fundi huyo ni kaka wa mke wake.

"Kwa hiyo?"

"Ndiko aliko mke wangu. Kwa kaka yake."

"Gari linaumwa, halina habari na ukoo wenu. Lete simu."

Akaipiga yeye. Mwalimu alimsikia akijitambulisha kama "mwanafunzi wa shemeji yako", akieleza mlima, tangi la maji na mvuke, kisha akisema, "Hapana, yeye mzima. Mzima kiasi."

Fundi huyo watu walimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilowaambia wateja wenye haraka, na kwa sababu alikuwa na mwili mkubwa usiopenda kukimbizwa. Alifika baada ya nusu saa na pikapu yake. Akamsalimia Mkunga kwa heshima, "Shikamoo mama," kisha akamgeukia Mwalimu.

"Shemeji."

"Shemeji."

Wakaishia hapo. Taratibu akainama kwenye injini. Aliweka kiganja karibu na chuma akakirudisha haraka. Kisha akaishika rejeta, ile sega kubwa ya mbele ya kupozea maji.

"Injini inataka kuwaka moto," alisema, "na rejeta hii hapa imepoa kama ukuta wa chooni. Maji hayapiti. Themostati imekwama."

"Ni kitu gani hicho?" aliuliza Mkunga.

"Ni kilango, mama. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yabaki ndani yapate joto. Injini ikipata moto kinafunguka, maji yaende mbele kupoa. Sasa hiki kimefunga na kimekataa kufunguka."

"Aa! Hayo nayajua," alisema Mkunga. "Mlango ukikataa kabisa, usisukume. Hapo ni upasuaji."

Taratibu akacheka mpaka boneti ikatikisika. Mwalimu aliona kwamba ni kichekesho kizuri. Mkunga akakataa kupandishwa pikapu, akasema atashuka mlima kwa miguu kwani daktari wake amemwagiza atembee. Kabla ya kuondoka alimshika Taratibu mkono pembeni, akamwambia jambo ambalo Mwalimu hakulisikia. Kisha gari la kijivu likafungwa kamba, na Mwalimu akashika usukani kwa mkono wa kushoto, akavutwa mpaka gereji.

Gereji ya Taratibu ilikuwa banda la mabati lenye sakafu nyeusi ya oili, meza moja ya vyuma, kalenda ya mwaka juzi na jiko dogo la gesi la kuchemshia chai. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha gari kilichokuwa kimeng'olewa mahali fulani na kuwekwa pale kuwa kochi.

Kwanza Taratibu alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama kwenye mwanga.

"Una bahati. Oili haijawa kama maziwa. Maji hayajaingia ndani. Ungepanda ule mlima mpaka juu, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine."

Alimwaga maji, akasubiri injini ipoe, akafungua bolti mbili, akang'oa kifuniko cha bomba, na ndani yake akatoa kidude cha shaba na springi, kipana kama mdomo wa glasi, kilichoganda kutu. Akavuka barabara mpaka duka la spea, akarudi na kipya. Mwalimu alikuwa bado amekaa vilevile.

"Kitoe tu, tusiweke kingine," alisema Mwalimu. "Wengi wanaendesha bila."

"Wengi wanaendesha bila breki pia. Injini isiyo na themostati haipati joto lake, shemeji. Inatembea baridi mwaka mzima, inakunywa mafuta, inajila yenyewe ndani kwa ndani. Na huisikii." Akajaza sufuria maji, akaibandika jikoni. "Ngoja nikuonyeshe kitu, usije ukasema nimebadilisha kizima."

Akavitumbukiza vyote viwili, cha zamani na kipya. Wakasimama wakiitazama sufuria kama watu wenye njaa wanaongoja viazi. Maji yakaanza kutoa viputo. Kile kipya kikatikisika kidogo, kikafungua mdomo. Cha zamani kilibaki hivyo hivyo, kimefumba, maji yakitokota juu yake.

"Umeona," alisema Taratibu. "Sasa niambie. Mshale ulianza kupanda lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili! Na wewe ulikuwa unauona?"

"Nilikuwa nauona. Nilikuwa naongeza maji asubuhi."

"Unafundisha watu udereva. Unawaambia wautazame. Kwa nini hukuniambia?"

"Sijui."

"Hujui."

"Nilikuwa nauona unapanda, nasema huu unapanda. Basi. Hakuna kilichofuata."

Taratibu alizima gesi. Alionekana kama mtu mwenye hasira aliyekosa pa kuiweka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya shemeji yake.

"Dada yangu yuko nyumbani kwangu, chumba cha nyuma," alisema. "Anashona tangu asubuhi, na anaongea. Unajua anavyoongea? Anaongea na mke wangu, anaongea na jirani, anaongea na redio, anaijibu! Miaka yote hii mkija kwetu, mimi nilikuwa najua dada yangu tangu aolewe amekuwa mkimya. Kumbe. Nyumbani kwako alikuwa anaongea?"

Mwalimu akatazama leso iliyofungwa mkononi mwake.

"Mwanzoni," akasema.

Taratibu akapangusa uso kwa kitambaa chenye oili, akajiongezea weusi. Akafunga themostati mpya, akajaza maji na dawa ya rejeta, akawasha injini. Waliiacha ingurume. Ilipopata joto feni ikashika, na maji yakapita.

"Jumamosi ni siku ya kumwona mtoto wenu shule ya bweni," alisema Taratibu akifunga boneti. "Dada anataka kwenda kwa basi."

"Amekutuma?"

"Mimi ni fundi, si tarishi. Hajanituma. Njoo hapa saa mbili."

Alikuja saa mbili kasorobo. Mkewe alifika gereji na kapu la matunda na vitabu, akaliona gari la kijivu, akasimama. Kaka yake alikuwa ameingia chini ya gari la mteja, miguu nje, amekuwa bubu ghafla. Mke akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele, kile chenye pedali za akiba.

"Mkono umefanya nini?"

"Nimeungua."

"Na nini?"

"Injini. Alhamisi. Sikuhisi."

Mke alimtazama kwa pembeni, akaweka kapu katikati ya miguu yake. Walisafiri karibu saa nzima. Kwenye njia panda ya soko, lori la mchanga likaanza kurudi nyuma kutoka kwenye uwanja wa kuchomelea, polepole, likiziba barabara. Mwalimu aliliona. Aliiona taa nyeupe ya nyuma, akauona mchanga ukimwagika pembeni, na gari likaendelea kwenda kwa mwendo uleule. Mke akaruka na miguu yote miwili juu ya pedali ya breki ya akiba. Gari likasimama kwa kishindo, machungwa yakatawanyika sakafuni. Lori lilikuwa limebakiza hatua mbili kufikia kioo.

"Hukuliona?"

"Nililiona."

"Uliliona! Kwa nini basi hukusimama?"

Watu walipiga honi nyuma. Dereva wa lori akatoa kichwa akatukana kidogo, akaenda zake. Mwalimu akasogeza gari pembeni akalizima. Aliona mikono yake imeshika usukani kushoto na kulia, mfano wa mishale ya saa tisa kasorobo, kama kitabu kinavyoagiza.

"Naona kila kitu," alisema. "Wewe nilikuona. Siku ile umesimama na mkoba, nilijua unangoja niseme kitu. Nilijua. Ni kama mtu aliye nyuma ya dirisha la basi, anaona watu wanasogeza midomo, lakini basi linaondoka. Si tangu Jumatatu. Ni zamani. Huenda miaka minne. Nilidhani ni uchovu."

 Mke alikuwa bado amekanyaga ile breki, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Miaka minne," alisema hatimaye. "Mimi nilidhani hunipendi. Nilimwambia kaka yangu hivyo. Nilimwambia mama. Nimeuambia mtaa mzima."

"Sijui kama nakupenda," alisema Mwalimu. "Sijui kama napenda chochote. Nataka kujua."

Lilikuwa jambo baya kuambiwa, na ndilo lililokuwa la kweli kupita yote aliyomwambia siku nyingi. Mke akainama, akaanza kuokota machungwa, moja moja. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa na hasira.

"Sirudi," alisema. "Usije ukadhani kwa sababu umeongea leo ninarudi kesho."

"Sidhani."

"Nimepata chumba. Nahamia mwisho wa mwezi."

"Sawa." Kisha akajisikia akilitamka neno hilo, akaongeza: "Kina dirisha? Kushona kunataka mwanga."

"Kina mawili," alisema mke. Baada ya kitambo akasema tena, sauti ikiwa imeshuka: "Endesha. Mtoto anangoja."

Binti yao alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, mrefu kuliko mama yake. Walikaa kwenye madawati yaliyotolewa uani, kati ya familia nyingine zilizokuwa zikifungua vikapu. Mama ndiye aliyeeleza. Alieleza vizuri, bila kumlaumu mtu, na binti alisikiliza akimenya chungwa mpaka ganda lote likatoka kwa mkanda mmoja. Hakulila.

"Na wewe, baba?" akauliza. "Wewe unasemaje?"

"Mimi ni mgonjwa," alisema Mwalimu. "Si wa homa. Kuna kitu kimekwama ndani yangu muda mrefu, na nilikiacha. Mama yako amevumilia. Nitaenda kumwona daktari."

"Lini?"

"Jumanne."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

Binti alitoa kalamu mfukoni mwa sketi, akaandika nyuma ya daftari lake: *Baba. Jumanne. Saa tatu.* Akapigia mstari. Kisha akaegemea bega la baba yake, akalia, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie. Mwalimu alihisi shati likilowa. Alingoja naye machozi yake yaje. Hayakuja. Akauinua mkono uliofungwa leso, akauweka juu ya kichwa cha mtoto, akauacha hapo mpaka kengele ya kuaga ilipolia.

Jumanne saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa kwenye benchi la mbao nje ya chumba namba sita, kati ya mama mwenye mtoto mchanga na mzee aliyekuwa akisoma karatasi ya dawa bila miwani. Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu mbili kwenye nywele. Alimwonyesha kiti, akamwuliza anaumwa nini.

Mwalimu alikaa, akaweka funguo za gari juu ya goti.

"Sijui nianzie wapi," alisema. "Naomba unipe muda kidogo."

"Muda upo," alisema daktari, akavuta karatasi mpya.